Migogoro ya mazingira inavyopenya hadi kwenye sanduku la kura Kigoma

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

NI nadra kwa mgombea ubunge au udiwani mkoani Kigoma kupanda jukwaani na kuomba kura kwa jina la mazingira. Kinachosikika kwenye mikutano ya kampeni, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji na katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni habari za nyavu, mialo, mashamba, malisho, kuni na maji. Hata hivyo, mambo hayo yakichunguzwa kwa makini, yote yanahusu swali moja: nani ana haki ya kutumia maliasili, wapi, na kwa masharti gani.

Kwa sababu hiyo, anayetafuta athari za migogoro ya mazingira katika uchaguzi kwa kusoma ilani za vyama peke yake anaweza kudhani kwamba hazipo. Athari hizo huonekana zaidi kwenye kalenda: lini sheria inatekelezwa kwa nguvu, lini inalegezwa, na ni uamuzi gani unaosubirishwa hadi kura zipigwe. Mkoa wa Kigoma, uliokuwa na wakazi 2,470,967 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hilo, kwa kuwa ziwa, misitu na ardhi oevu vyote vinagusa chakula cha mpiga kura moja kwa moja.

Ziwa la nchi nne

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, likitanguliwa na Ziwa Baikal la Urusi pekee. Linamilikiwa na nchi nne. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia nane na Zambia asilimia sita.

Uchumi wa mwambao umejengwa juu ya dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na sasa nyingi ni za umeme wa jua. Mbalamwezi inapong'aa, taa hizo hazivuti samaki vizuri, na vyombo vingi hupumzika. Nyuma ya kila chombo kuna mlolongo mrefu wa watu: mwenye chombo, wavuvi vibarua, kina mama wanaoanika dagaa ufukweni, wachuuzi, mafundi wa mitumbwi na wafanyabiashara wanaosafirisha mzigo hadi Dar es Salaam. Ndiyo maana uamuzi unaochukuliwa kuhusu mwalo wa Katonga unaweza kuhisiwa pia na mama lishe wa Kariakoo.

Samaki hao wamekuwa wakipungua, na sababu zake zinabishaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kisayansi la Nature ulionyesha kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza mchanganyiko wa maji ya juu na ya chini, na hivyo kupunguza chakula cha samaki. Watafiti walikadiria kwamba uzalishaji wa msingi ziwani ulishuka kwa takriban asilimia 20, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliotumia mabaki yaliyotuama chini ya ziwa, ulionyesha kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Matokeo hayo yana uzito wa kisiasa. Iwapo tatizo ni uvuvi haramu na wingi wa vyombo, mzigo wa kurekebisha unamwangukia mvuvi. Iwapo tatizo ni joto la dunia, mvuvi ana haki ya kuuliza kwa nini yeye ndiye wa kwanza kuadhibiwa. Maelezo yote mawili yana ukweli ndani yake, na kila upande wa siasa unaweza kuchagua lile linaloufaa.

Kupumzisha ziwa katika mwaka wa uchaguzi

Juni 12, 2003, nchi hizo nne zilitia saini jijini Dar es Salaam Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Kutokana na mkataba huo iliundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, Burundi. Desemba 2021 nchi hizo zilikubaliana kuhusu hatua za pamoja za uvuvi, ikiwamo kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu ya mwaka, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana na kukua.

Tanzania ilisimamisha uvuvi katika eneo lake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ikihusisha mwambao wa mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Mwaka huo ulikuwa wa uchaguzi wa serikali za mitaa, uliofanyika Novemba 27. Kati ya siku ziwa lilipofunguliwa na siku ya kura zilipita siku 104. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 29, 2025, ulifuata Uchaguzi Mkuu.

Kwa hesabu ya kisiasa, huo haukuwa wakati mwepesi kwa chama tawala. Gharama za kufunga ziwa huwaangukia watu wachache, wanaojulikana, na huwaangukia mara moja: kibarua asiye na akiba, mama mwenye mkopo wa biashara ya dagaa, mwenye chombo anayedaiwa. Faida yake husambaa kwa watu wengi, huja polepole, na sehemu yake huenda ng'ambo ya pili ya maji, kwa kuwa dagaa hawajui mipaka. Aliyeumia anajua ameumizwa na uamuzi gani. Aliyefaidika huenda akadhani ni baraka tu za msimu.

Hapa ndipo mkataba wa kimataifa unapoingia katika siasa za ndani. Serikali iliyojifunga mbele ya majirani hupata sababu ya kutekeleza hatua isiyopendwa. Inaweza kuwaambia wapiga kura kwamba tarehe si zake peke yake. Upande mwingine, mkataba unaotegemea nchi nne unategemea pia kalenda nne za uchaguzi. Zambia hupiga kura mwezi Agosti kila baada ya miaka mitano, katika juma la pili, yaani ndani ya kipindi hicho cha kupumzisha ziwa. Burundi ilichagua wabunge na madiwani wake Juni 5, 2025, pia ndani ya kipindi hicho. Serikali yoyote kati ya hizo inaweza kushawishika kulegeza kamba kwa msimu mmoja tu, na msimu mmoja wa nchi moja unatosha kuwafanya wavuvi wa nchi nyingine waulize wanafunga kwa faida ya nani.

Nyavu zinazokumbukwa

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inatoa mamlaka ya kudhibiti zana na kutaifisha zilizo haramu. Namna inavyotekelezwa ndiyo huacha kumbukumbu. Chini ya Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Luhaga Mpina, operesheni za mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu ziliambatana na uchomaji wa nyavu katika maeneo mbalimbali nchini, na zikazua malalamiko makubwa ya wavuvi. Juni mwaka huo maofisa walifika hadi kwenye mgahawa wa Bunge jijini Dodoma wakapima samaki kwa rula. Mgahawa ulitozwa faini ya Sh300,000, na wabunge wa vyama vyote wakalalamika bungeni.

Mambo yaligeuka baadaye kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Agosti 2025 Mpina alihama CCM na kujiunga na ACT-Wazalendo, chama chenye mizizi Kigoma, kikampitisha kuwania urais. Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilimwengua na hakufika kwenye karatasi ya kura. Kwa mpiga kura wa mwambao, tukio hilo lilikuwa na fundisho lake: aliyesimamia operesheni hizo alikuwa amepewa bendera ya chama kilichojijengea jina kwa kutetea wananyonge wa mkoa huo. Manung'uniko ya mazingira hayakai chama kimoja. Huhama kadiri wanasiasa wanavyohama.

Ufukwe na mita 60

Mgogoro wa pili wa ziwa ni wa nchi kavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto pale zinapoweza kuharibu mazingira. Katika mji wenye historia ndefu ya kukaa ufukweni kama Ujiji, kanuni hiyo inakutana na nyumba, mialo, vichanja vya dagaa na biashara zilizozoeleka.

Tangu kuanza kwa muongo huu maji ya ziwa yamepanda mara kadhaa. Mwaka 2024 yalifurika katika maeneo ya mwambao, yakiwamo ya Bujumbura na Uvira. Ukingo wa maji unaposogea, mita 60 nazo husogea. Familia iliyojenga nje ya mpaka inaweza kujikuta ndani yake bila kuhamisha hata tofali moja. Katika hali hiyo, diwani na mwenyekiti wa mtaa huwa watu muhimu kuliko mbunge, maana wao ndio wa kwanza kufuatwa alama nyekundu inapochorwa ukutani.

Misitu na mifugo

Mbali na ziwa, migogoro ya ardhi nayo imeingia moja kwa moja katika siasa za mkoa. Wilayani Kasulu, wakulima wa Kagera Nkanda walivutana kwa miaka mingi na wasimamizi wa Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini. Baada ya ziara ya Rais John Magufuli mkoani humo Julai 2017, takriban hekta 10,000 za msitu huo zilitengwa kwa ajili ya wananchi.

Uamuzi huo ulitangulia hatua kubwa zaidi ya kitaifa. Januari 15, 2019, Rais Magufuli aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi. Septemba mwaka huo Serikali ilitangaza kwamba kati ya vijiji 975 vyenye migogoro hiyo, 920 vingebaki. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 24, 2019, na Uchaguzi Mkuu Oktoba 28, 2020. Mtu anaweza kusema ilikuwa haki iliyocheleweshwa, na mwingine akasema hifadhi zilitolewa kwa ajili ya kura. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, kwa vile kijiji chenye shule na zahanati iliyojengwa na Serikali yenyewe si rahisi kukiita cha wavamizi.

Wilayani Uvinza mgogoro ulichukua sura ya damu. Bonde la Malagarasi, ambalo pamoja na Muyovozi liliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, limekuwa likivutia wafugaji kutoka mikoa mingine. Oktoba 2018 yalitokea mapambano kati ya polisi na wafugaji katika kijiji cha Mpeta, chanzo kikiwa ni ardhi ya ranchi ya taifa. Zitto Kabwe, aliyekuwa Mbunge wa Kigoma Mjini na kiongozi wa ACT-Wazalendo, alidai hadharani kwamba watu zaidi ya 100 waliuawa. Polisi ilikiri kutokea vifo vya askari na wananchi lakini ikakanusha idadi hiyo.

Zitto alishtakiwa kwa uchochezi. Mei 29, 2020, Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani na kumwachia kwa sharti la kutotoa kauli za uchochezi kwa mwaka mmoja. Sharti hilo liliangukia katikati ya kampeni. Oktoba mwaka huo mgombea wa CCM, Shaban Kilumbe Ng'enda, alitangazwa mshindi wa Kigoma Mjini, matokeo ambayo ACT-Wazalendo haikuyakubali. Haiwezekani kudai kwamba Mpeta ndiyo iliyoamua jimbo la mjini. Kinachoonekana ni kwamba mgogoro wa malisho uliweza kuweka mpaka wa nini mgombea aseme jukwaani.

Majirani nao wamepita njia hiyo

Nchini Kenya, zoezi la kuwaondoa watu katika Msitu wa Mau mwaka 2009 lilimgharimu kisiasa aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga. Wapiga kura wengi wa Kikalenjin wa Bonde la Ufa waliokuwa naye mwaka 2007 walimfuata William Ruto, aliyepinga namna watu walivyoondolewa, na mwaka 2013 wakaupigia upande wa Uhuru Kenyatta. Mau haikuwa sababu pekee, kwani kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ushindani wa uongozi wa Bonde la Ufa navyo vilichangia. Hata hivyo, ilitoa sababu iliyoeleweka hadi jikoni.

Nchini Uganda, mapema mwaka 2006, kukiwa na uchaguzi, Rais Yoweri Museveni alisitisha uondoaji wa watu kwenye hifadhi za misitu. Novemba 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2016, alisimamisha vikundi vya ulinzi wa mialo vilivyolalamikiwa na wavuvi. Mwaka 2017, kura zikiwa zimekwisha, jeshi liliingizwa Ziwa Victoria kupambana na uvuvi haramu. Mvuvi alilegezewa kabla ya kura na kubanwa baada yake.

Mfano wa Profesa Wangari Maathai unaonyesha upande mwingine. Mwaka 2002 alishinda ubunge wa Tetu kwa kishindo kupitia NARC, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2007, alipokosa uteuzi wa muungano wa Rais Mwai Kibaki, aligombea kupitia Mazingira Green Party na akashindwa. Jina la mazingira, hata likibebwa na mtu wa heshima hiyo, halikutosha bila mtandao wa chama kikubwa.

Kwa nini manung'uniko hayageuki kura kirahisi

Kigoma haina historia ya kuwa mtiifu kwa chama kimoja. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulifika mahakamani kwa shauri la Dk. Aman Walid Kabourou wa Chadema na ukabatilishwa. Miongoni mwa hoja zilizobishaniwa ni barabara za mji zilizoshughulikiwa wakati wa kampeni. Dk. Kabourou alilitwaa jimbo hilo mwaka 1995. Mwaka 2010 vyama vya upinzani vilichukua majimbo matano kati ya manane ya mkoa, manne yakienda NCCR-Mageuzi. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ilitwaa Kigoma Mjini na kuongoza Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji.

Pamoja na hayo, njia kutoka kwenye hasira ya mwaloni hadi kwenye matokeo ina vizuizi. Cha kwanza ni mahali pa kupigia kura. Mvuvi hufuata samaki kutoka kambi moja hadi nyingine, ilhali mpiga kura hutakiwa kupigia kura kituo alichojiandikisha. Siku ya uchaguzi, kundi lenye kilio kikubwa zaidi linaweza kuwa mbali na kituo.

Cha pili ni mgongano ndani ya jamii ya wavuvi wenyewe. Mwenye chombo kikubwa, mvuvi wa ndoana na mvutaji wa kokoro hawataki sheria moja. Mgombea akimfurahisha mmoja anamkera mwingine, hivyo wengi huchagua ahadi laini: mikopo, zana, soko la kisasa.

Cha tatu ni uchaguzi wenyewe. Katika ule wa Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji na mitaa nchini, huku vyama vya upinzani vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao wengi. Oktoba 2025, Clayton Chipando wa CCM, maarufu kwa jina la Baba Levo, alitangazwa mshindi wa Kigoma Mjini dhidi ya Zitto. Pale ambapo mpiga kura hana wagombea wa kuchagua kati yao, karatasi ya kura haiwezi kupima anavyofikiri kuhusu ziwa lake.

Cha nne ni kwamba baadhi ya wanaoguswa hawapigi kura Tanzania. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imehifadhi wakimbizi tangu miaka ya 1990, na mahitaji yao ya kuni yamekuwa chanzo cha mvutano na vijiji jirani. Mkimbizi hana kura, mwenyeji anayo. Ni rahisi kwa mgombea kumtupia lawama asiyeweza kumwadhibu.

Mambo ya kuangalia kabla ya kura

Kutokana na mifano hiyo, mpiga kura anayetaka kupima ahadi ya mgombea kuhusu maliasili anaweza kujiuliza maswali machache. Je, mgombea anataja tarehe na eneo, au anasema tu kwamba atatetea wavuvi? Anaeleza familia zitakula nini katika miezi mitatu ya kufunga ziwa? Ahadi yake iko ndani ya mamlaka ya kiti anachoomba? Kumega hifadhi si kazi ya diwani, na kuchora mipaka ya matumizi ya ardhi ya kijiji si kazi ya mbunge.

Swali la mwisho ni la baada ya uchaguzi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika angalau kila baada ya miezi mitatu, na ndio unaoidhinisha mpango wa matumizi ya ardhi pamoja na sheria ndogo za kijiji. Hauna kampeni wala fulana za bure, lakini ndipo mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anapoweza kuuliza, wazi na kwa kumbukumbu za maandishi, mwalo umegawiwa nani na msitu umebaki kiasi gani.